Munroe Linklater na Kijito Kilichomtenga na Kaka Yake

Mchungaji, wazee wetu, na ninyi nyote mliovuka barafu iliyoanza kuoza ili kuja kumsindikiza, familia inawasomea maisha ya Munroe Linklater kama alivyoyaandika mwenyewe daftarini mwezi Februari mwaka huu, wakati sauti ilikuwa imekwisha kumtoka, na aliagiza kwamba sehemu inayomwaibisha isirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Mei 1941, katika hema la kambi ya bata bukini, maili nane kaskazini ya kijiji chetu cha Rasi ya Mierebi, kwenye pwani ya magharibi ya Ghuba ya James, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Redfern na Mama Emily Linklater, na inasemekana baba yake alikuwa mafichoni akivizia kundi lililokuwa linashuka, mtoto akalia hemani, kundi likageuka likaenda zake, hivyo siku yake ya kwanza duniani Munroe aliwanyima watu chakula cha jioni, jambo ambalo kaka yake Sinclair, aliyekuwa na miaka mitano, hakuacha kumkumbusha.

Septemba 1948 alichukuliwa kwa ndege pamoja na watoto wengine kupelekwa shule ya bweni kusini, ambayo hakutaka itajwe jina, akakaa huko hadi Juni 1957, na aliporudi alikuwa mrefu, mkimya, na Kikrii, lugha ya kwao, kinamtoka kwa kubabaika. Sinclair, ambaye babu alimficha porini asichukuliwe, hakumwuliza lolote, alimpeleka tu kwenye kinamasi cha pwani, akamfundisha kufunga vijiti vya msonobari hadi vipate shingo na mgongo wa bata, kuwapanga bata hao wa bandia wakiuelekea upepo, kuacha uwazi katikati ili walio hai waone pa kutua, na kuita kwa mdomo, kazi iliyomshinda kwa majira mawili mazima, kwa sababu kila alipoita, bata walipaa juu zaidi. Sinclair alimwambia, “Usiwaite kama polisi, bwana mdogo. Waite kama mtu aliyekaa anakula na pembeni yake pana nafasi.” Tarehe 2 Mei 1959 kundi la kwanza lilimsikiliza, likakunja mabawa, likashusha miguu, na marehemu ameandika kwamba alisahau kufyatua bunduki, kwa kuwa tangu arudi kutoka shule, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuita na kuitikiwa.

Kuanzia 1959 hadi 1965 alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye stesheni ya mwisho ya reli, Moosonee, kisha akaajiriwa hapa kijijini kama mtunza kiwanja cha ndege, kazi ya kufagia theluji na kuwasha taa aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu Novemba 2001. Tarehe 14 Agosti 1966, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Daisy Sutherland, aliyekuwa hodari wa kumning'iniza bata kwa kamba mbele ya moto na kumzungusha polepole mpaka mafuta yajae sufuria, nao wakajaliwa watoto wawili, Lorna mwaka 1968 na Wilfred mwaka 1971, ambao maisha yaliwapeleka mji wa Timmins na mbali zaidi ya hapo. Daisy alitangulia tarehe 19 Januari 1998, na kuanzia hapo marehemu alikuwa akipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, na chote alikila peke yake.

Sasa tunafika pale alipotuagiza tusiruke. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 1974, ukungu ukiwa umelala hadi chini, marehemu alichelewa kutoka kiwanjani, akafika kinamasini akitambaa, akaona bata kumi na mmoja wameketi wametulia, akafyatua mara mbili, na waliopasuka vichwa walikuwa bata watatu wa mbao ambao Sinclair alikuwa amewachonga kwa majira matano ya baridi na kuwaweka nje kwa mara ya kwanza siku ile, naye Sinclair mwenyewe alikuwa amelala nyuma yao, marisau, zile chembe za risasi, zikampita juu ya kofia. Hakumpiga mdogo wake, wala hakumtukana, ila mchana huo dukani, mbele ya watu waliojaa hadi mlangoni, wakiwamo wakwe wa marehemu, alisema, “Munroe amepata bata watatu leo, jamani, ila mwenye msumeno aje amsaidie kuwachuna!” Kicheko kikaenda kijiji kizima, watu wakaanza kumwita Seremala, na marehemu, ambaye shuleni alikuwa amechekwa na wakubwa kwa miaka tisa, alimjibu kaka yake neno moja tu, “Kuanzia leo nina upande wangu wa kijito.”

Upande huo, ng'ambo ya kijito kinachokata kinamasi, alikaa kwa majira ya kuchipua thelathini na moja. Wawili hao walisalimiana kanisani, walikula meza moja kila Krismasi, walimzika mama yao wakiwa wameshika jeneza bega kwa bega, lakini bata walipofika kila mmoja alikwenda kwenye maficho yake, na kati yao palikuwa na mdomo wa kijito, uliopanuka hadi mita mia na hamsini, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyoita. Mwaka 1987 maji ya ghuba yalijaa kwa ghafla yakabeba bata wote wa bandia wa marehemu, na kesho yake aliwakuta ukingoni kwake, wamepangwa safi wakiuelekea upepo, na nyayo za buti za Sinclair zikirudi majini, naye hakwenda kushukuru, kwa sababu alingoja aitwe.

Tarehe 8 Mei 2005, tunasoma kama alivyoandika: “Upande wa pili kulikuwa kimya tangu alfajiri. Nikadhani Sinclair kalala, au uzee umemshika koo. Nikafurahi. Bata wote walikuja kwangu, nikapata kumi na tisa, na sikuwahi kupata siku kama ile. Jioni nilipofunga mizigo nikaona mtumbwi wake bado upo.” Alivuka, akamkuta kaka yake ameegemea ukuta wa mierebi, amepigwa na kiharusi, macho wazi, anamwona, mdomo hausemi, na helikopta ikamchukua, akafariki hospitalini tarehe 11 Mei.

Marehemu alikaa na jambo hilo hadi Oktoba, ndipo akaenda kubisha hodi kwa Verna, binti wa pekee wa Sinclair, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema, “Baba yako alikuwa hai mchana kutwa, akinisikia. Mimi nilikuwa nafurahi.” Verna alisema, “Nenda nyumbani, baba mdogo,” akafunga mlango, na kwa karibu miaka minne hakusema naye tena, huku marehemu akiendelea kwenda kinamasini kila Mei, anapanga bata wake, anaita vizuri kuliko mtu yeyote wa pwani hii, wanashuka hadi kugusa vijiti, na mara nyingi anarudi bila kufyatua hata risasi moja.

Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2009 Verna aliingia kwenye maficho hayo na chupa ya chai, akasema, “Sogea, baba mdogo, nimesimama majini.” Akasogea. Hawakuzungumza habari ya msamaha siku ile, wala baadaye. Verna alipojaribu kuita, mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Huyo ni kunguru mwenye mafua,” na Verna, anayewasomea maneno haya, alicheka, akajaribu tena.

Mwaka 2017 koo lilianza kumsumbua, Machi 2018 alifanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti, na Mei hiyo aliketi mafichoni akinyoosha kidole tu, Verna akiita. Alifariki tarehe 27 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 77, miezi 11 na siku 21, dirisha la wodi likiwa wazi kwa ombi lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa aliyekubali kufungua dirisha hilo, majirani wa kando ya mto waliomkatia kuni baridi nzima, wenzake wa kiwanja cha ndege, na wote waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda. Aliagiza mazishi yawe saa sita mchana, wakati bata wamepumzika, ili asimharibie mtu mawindo ya asubuhi wala ya jioni, na akaandika kwamba atakayewasikia wakipita juu ya kanisa katikati ya ibada anaruhusiwa kutoka, mradi asiende peke yake.

Lala salama, baba mdogo, Mungu akupokee.