Anakwenda Kutembea

Benchi letu lipo kati ya saluni ya kinyozi na bucha. Kinyozi ni mimi, kwa hiyo ukimsikia mtu anasema benchi ni la bucha, mwambie nimesema aache uongo. Jioni jua likishajificha nyuma ya ghorofa la mkabala, Shangazi, muuza kahawa wetu, anatua birika lake juu ya jiko la mkaa, na hapo dunia inaanza kuendeshwa inavyotakiwa. Jana Wakili alikuwepo. Huyu ni muuza nyama. Jina alilipata siku alipoitwa mahakamani kuwa shahidi, akaulizwa swali moja tu, nalo lilikuwa jina lake. Rubani alikuwepo, aliwahi kubeba mizigo uwanja wa ndege na tangu hapo haongei chini ya mawingu. Na katikati yetu alikaa Baridi, fundi friji, kavaa shati lililopigwa pasi siku ya kazi, eti analizoea. Leo asubuhi alikuwa na usaili wa viza. Usaili wa kwanza walimnyima. Mchumba wake yuko huko ng'ambo mwaka wa tatu sasa, anauguza wazee wa watu, na Baridi anataka kwenda kumwona, basi. Alituambia safari hii wakikataa, hajui atabaki na neno gani la kumwambia kwenye simu.

Wakili: Turudie toka mwanzo. Mara ya kwanza uliwaambiaje?

Baridi: Waliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema, nakwenda kutembea.

Wakili: Sawasawa kabisa. Mtu akienda kwa watu wake, anakwenda kutembea.

Baridi: Mkalimani akageuza kwa lugha yao. Yule afisa akanitazama miguu. Halafu akatembeza vidole viwili juu ya meza, hivi, mpaka ukingoni. Akauliza, kwani kwenu hakuna barabara?

Shangazi akageukia jiko ili acheke kwa heshima.

Mimi: Na wewe ukamjibuje, mdogo wangu?

Baridi: Nikasema zipo, ila huko kuna mtu natembea naye.

Rubani: Ukajimaliza mwenyewe.

Baridi: Mkalimani akaigeuza na hiyo. Barua ikaja: lengo la safari halikueleweka.

Wakili: Usife moyo. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa wamekwambia, tena kwa maandishi na muhuri. Kwa hiyo hawajakufukuza.

Namjua Wakili miaka mingi. Kila methali anayoiazima anairudisha imevunjika, na hajawahi kuomba radhi. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: ilibidi tumtafutie Baridi neno jingine.

Mimi: Sema unakwenda kumsalimia.

Wakili: Salamu ni dakika mbili. Watamwambia apige simu.

Shangazi: Basi kumjulia hali.

Rubani: Watataka cheti cha daktari, waulize anaumwa nini. Sikilizeni. Viza yenyewe ni ya utalii, si ndiyo? Mtalii ni mtu anayeangalia majengo. Baridi akifika nje kwa shemeji, asiingie kwanza. Asimame, aliangalie jengo. Akiingia ndani baada ya hapo, hajamdanganya mtu.

Baridi: Niliangalie kwa muda gani?

Rubani: Mpaka shemeji achungulie dirishani aulize wewe ni nani.

Tulikunywa kidogo tukilifikiria hilo jengo. Hewa ilikuwa imetulia, moshi wa jiko la Shangazi unapanda umenyooka, na watu wanaotoka kazini wanapita polepole kama hawana pa kwenda.

Wakili: Neno si tatizo. Tatizo wanataka ushahidi kwamba utarudi. Una nini hapa cha kukurudisha?

Baridi: Nina kibanda changu cha kazi. Kimejaa friji za watu sijazitengeneza.

Wakili: Hiyo ni sababu ya kutorudi. Usiitaje.

Rubani: Mnahangaika bure, kurudi hakuhitaji ushahidi. Mimi nimeishi na ndege. Ndege ya kwenda inapanda mlima wa dunia, ndiyo maana inanguruma vile. Ya kurudi inateremka. Wanazima injini kabisa, wanaiacha ije yenyewe. Mtu hata asipotaka, kurudi anarudi. Wahenga waliposema mpanda ngazi hushuka, mnadhani walikuwa wanasema ngazi gani? Ngazi ya ndege.

Mimi: Wahenga hao walipanda ndege ya shirika gani?

Rubani: Cheka tu. Na pale ubalozini kuna kamashine ka kupima macho. Unachungulia kitundu. Hawaangalii kama unaona, wanaangalia kama macho yako yameshatangulia. Wengi wananyimwa hapo. Mwili umekaa kwenye kiti, macho yako ng'ambo, yameshavua viatu.

Nilitaka kumkatalia, lakini nikamtazama Baridi usoni. Alikuwa ameshaondoka muda mrefu.

Shangazi: Hebu mwacheni. Baridi mwanangu, siku ukifika, utafanya nini?

Baridi akaweka kikombe juu ya goti, akakishika kwa mikono miwili.

Baridi: Nitapanda ngazi, sitachukua lifti. Nataka nifike nimechoka kidogo, nisiseme maneno mengi. Mlango wake ni wa kijani, aliniambia. Nitagonga. Halafu kabla hajafungua, nitaisikia friji yake.

Rubani: Friji?

Baridi: Naisikia kila siku. Akichoka kuongea hakati simu, anailaza mezani jikoni, anakunja nguo zake. Mimi nabaki nasikiliza friji. Inanguruma, inanguruma, halafu kabla haijanyamaza inatikisika. Mguu mmoja haujakaa sawa. Hakuna aliyewahi kuiinamia ile friji, nakwambieni. Mimi nitainama, nitauzungusha ule mguu kwa vidole tu, taratibu, mpaka nyumba ikae kimya. Hapo ndipo nitainua uso nimtazame.

Shangazi: Na nje?

Baridi: Theluji. Anasema haina sauti. Lazima uende dirishani ndiyo ujue kwamba inaanguka.

Jamani, mimi nilikuwa huko. Sioni haya kusema. Niliuona ule mlango wa kijani, nikahisi joto la jikoni, nikaona nguo zilizokunjwa na mkono wa shemeji juu yake. Mteja wangu, niliyemwacha kitini na nusu nywele, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa shingoni, naye anasikiliza. Hata Wakili, mtu wa kukata mifupa, alikuwa amelegea mdomo. Kwa muda ule Baridi hakuhitaji viza ya mtu yeyote.

Lakini Wakili ni Wakili.

Wakili: Hiyo ya friji usithubutu kuitamka. Hiyo ni kazi, na viza ya matembezi haitaki kazi. Ukiinama tu, umevunja sheria.

Baridi: Hata mguu mmoja?

Wakili: Hata robo ya mguu.

Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja hatumjui. Alifika kumtafuta Baridi, friji yake imegoma kugandisha, akakuta mazungumzo yamenoga, Shangazi akampa kahawa. Alikuwa amesikiliza yote bila kutia neno. Sasa akaweka kikombe chini.

Mama: Samahani, ndugu zangu, mimi ni mpita njia. Huyo dada ni mzaliwa wa huko?

Mimi: Wa hapa hapa. Kasoma shule ile ya nyuma ya soko.

Mama: Akitaka kuja huku, anaomba viza?

Wakili akacheka.

Wakili: Viza ya nini, mama? Ni kwao.

Mama: Basi mbona haji yeye?

Aliuliza kwa wema tu, kama mtu anayeulizia njia. Nikamwona Rubani anafungua mdomo.

Rubani: Pengine hawampi likizo.

Baridi: Wanampa. Mwaka jana alikwenda milimani na wenzake wa kazini. Alinitumia picha.

Mimi: Labda akitoka, hawatamruhusu kuingia tena.

Baridi: Vibali vyake vimekamilika. Barua yangu ya mwaliko ameiandika yeye. Nilipomwomba, aliandika siku ileile.

Wakili alitafuta methali. Nilimwona kabisa anavyoitafuta, macho juu, midomo inacheza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata hata ya kuvunja. Roho iliniuma, maana sisi wote pale, na akili zetu, tulikuwa tumemtafutia mtu namna ya kwenda, na hakuna aliyeuliza njia ile ina pande ngapi. Mteja wangu akarudi kitini. Yule mama akaona amefanya jambo, akaanza kuomba radhi, Baridi akamwambia hapana, mama, hujakosea.

Shangazi: Muulize, mwanangu. Leo leo, kabla ya hiyo kesho yako.

Baridi alikuwa anakunjua mkono wa shati, anaukunja tena.

Baridi: Nikimuuliza atanijibu, Shangazi.