Obulesu Alipojipiga Paja

Njia panda ya Gonegutta, mbele ya banda la chai la Sunkamma, pana mabenchi mawili yaliyopeana mgongo. La upande wa tangi la maji hukaliwa na watu wa Nyumba ya Juu, la upande wa hekalu na watu wa Nyumba ya Chini, na ndivyo ilivyo tangu koo hizo mbili zilipozima kafuri inayowaka kwa viganja na kuapa mbele ya mungu kwamba damu basi. Miaka kumi na miwili sasa. Chai ni ileile, ya maziwa na tangawizi, ila ukitaka kumjibu mtu wa benchi la pili unaongea huku umeangalia mbele, kana kwamba unajisemea. Amani yenyewe ina masharti yake, na hata mtoto anayajua: hupiti na panga mbele ya nyumba ya wenzako, husokoti sharubu mbele ya mtu wao, na hujipigi paja. Hilo la paja ndilo kubwa. Mwanamume akijipiga paja mbele ya mwenzake amemwambia njoo tuuane, na hakuna samahani inayolifuta.

Na Obulesu, mtu wa Nyumba ya Chini, alikuwa amejipiga paja, saa tatu asubuhi, sharubu kazisokota, gari jeupe la mzee Chandrappa limesimama hatua kumi mbele yake kupisha mbuzi.

Hakukusudia, masikini. Wenzake wanamwita Tiketi kwa sababu hakuna filamu inayompita. Jana alikwenda mjini kuangalia mpya, ya nyumba mbili zinazomalizana kwa sababu ya kisima, na asubuhi hii alikuwa anawasimulia wenzake amesimama, macho kayafumba kwa utamu. Kama kawaida hakuiona yote. Basi la mwisho la kurudi Gonegutta linaondoka mjini saa kumi na moja, na filamu zinaisha saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo pambano la mwisho likianza tu kijiji kizima kinainuka na kukimbilia stendi. Miisho hutungiwa benchini, na wanaitunga vizuri sana. Basi Obulesu alifika pale kijana anaposimama mbele ya mzee aliyemuulia baba yake. Akaweka mguu juu ya benchi, akasokota sharubu, akalipiga paja lake kofi lililosikika mpaka tangini. Alipofumbua macho watu wote walikuwa wamegeukia barabarani, na kioo cha gari kilikuwa kimeshushwa nusu.

Chandrappa ndiye mkuu wa Nyumba ya Juu. Mtoto wake wa pekee aliuawa katika vita vya mwisho, na wiki ileile kaka yake Obulesu akashushwa kwenye basi na kuuawa, akalipa yeye. Mzee alimtazama Obulesu kitambo, wala hakukunja uso. Kisha kioo kikapanda, gari likaondoka.

Sasa ilikuwa inakaribia saa tano na paja bado linamwasha. Watu wa Nyumba ya Juu walikwishaondoka benchini kwao, mmoja mmoja, glasi wakaziacha zimejaa nusu. Hilo lilimtisha Obulesu kuliko gari lenyewe. Walibaki Inspekta, askari mstaafu ambaye hakuwahi kuwa inspekta, na Kasim Viraka, anayeziba mipira ya magari hapo jirani na hana nyumba aliyo upande wake, kwa hiyo hukaa penye kivuli.

— Leo hawaji, alisema Inspekta. Miaka ishirini na saba nimewafuata hawa, nawajua. Wanakuacha wiki moja. Unakula, unalala, unaanza kucheka. Ijumaa ndiyo wanakuja.

— Ijumaa hii au ijayo? Obulesu aliuliza.

— Hiyo sasa wanajua wenyewe.

Kasim alisema pengine mzee hakuona, vioo vya gari lile ni vyeusi. Sunkamma, akiwa anachuja chai, akamkumbusha kwamba kioo kilishushwa. Kasim akasema basi jua lilikuwa machoni mwake. Sunkamma akasema jua lilikuwa kisogoni. Kasim akakuna kidevu.

— Basi kaka, wewe sema ulikuwa unaua mbu.

— Na sharubu? aliuliza Inspekta. Mbu naye alikuwa kwenye sharubu?

— Walikuwa wawili.

Hakuna aliyecheka, hata Kasim mwenyewe hakucheka.

Inspekta akaendelea. Mara mabomu yanafichwa kwenye magunia ya karanga, na tangu juzi kuna lori la karanga limeegeshwa nyuma ya shule. Mara watalizuia basi pale darajani kwa mkokoteni uliovunjika gurudumu. Mara atakuja mtu amevaa kama muuza bangili, ataomba maji ya kunywa, na ukiinama kuchota tu, kwisha habari yako.

— Huyo muuza bangili yuko kwenye filamu ya jana, alisema Obulesu kwa sauti ndogo. Nimekusimulia mimi mwenyewe.

— Na wao unafikiri wanajifunzia wapi?

Obulesu aligeuka kutazama upande wa shule. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Hakuwa akijiwazia yeye tu. Aliwafikiria vijana wawili wa marehemu kaka yake, aliowalea mpaka wakaota ndevu, ambao muda huu walikuwa shambani kwenye trekta na hawajui lolote. Deni la paja haliangalii nani alijipiga. Linamchukua mwanamume yeyote wa nyumba atakayeonekana kwanza barabarani.

Sunkamma, ambaye mume wake naye alikwenda na vita vile, aliweka birika chini na kumwambia aondoke leo hii, aende kwa shangazi yake kule Bellary akatulie huko mwezi mzima.

— Nikikimbia, dada, watasema kumbe alimaanisha. Watawaendea watoto.

— Na ukikaa?

Mara gari jeupe likaonekana linarudi.

Lilikuja polepole, likasimama kati ya banda na tangi, injini inaunguruma. Kasim alichukua pampu yake akaishika tu mkononi. Inspekta, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anajua kila kitu, alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Akashuka Sekhar, dereva wa mzee, kijana wa kutoka mbali aliyeajiriwa mwezi huu tu, asiyejua hata benchi lipi ni la nani. Akaketi kwenye la Nyumba ya Chini, karibu kabisa na Obulesu. Aliomba chai. Sunkamma akamwonyesha birika lililokauka.

— Nani hapa alikuwa anasimulia filamu?

Obulesu akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

— Mzee anauliza, alisema Sekhar. Yule aliyepigiwa paja, yule mzee aliyeua baba wa mtu. Alifanya nini?

Walitazamana. Siku nyingine kila mmoja angekuwa na mwisho wake mdomoni: angepigwa panga, angelia, angemwozesha kijana binti yake. Miaka yote ile benchi halijawahi kukosa mwisho. Lakini leo neno lolote litakalosemwa lingeingia kwenye gari lile na huenda likafanywa kweli, na hakuna aliyethubutu.

— Hatujui, alisema Obulesu. Tunawahi basi kila siku. Hakuna hapa aliyewahi kuona mwisho.

Sekhar alirudi garini, akainama dirishani, akasikiliza. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

— Anasema panda. Anakwenda kuiangalia leo, na anataka ukae naye.

Sunkamma alimshika Obulesu mkono, akamwambia usiende, kaka, nakuomba. Obulesu akautoa mkono wake taratibu. Akikataa mwaliko mbele ya watu, basi kofi la asubuhi litakuwa limepigwa mara mbili. Alizishusha ncha za sharubu zake kwa vidole, moja huku, moja huku, zikaning'inia. Akajikwaa akipanda.

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya tambuu. Mzee Chandrappa alikuwa mdogo kuliko anavyoonekana kutoka benchini. Alisogea kumpisha. Gari lilipoanza kutembea aliweka kiganja chake kikavu, chenye kovu la zamani la kafuri, juu ya paja la Obulesu, palepale palipokuwa panawasha.

— Mwanangu alikuwa akiondoka kabla ya mwisho, kama ninyi, kwa ajili ya hilo basi, alisema. Leo tutakaa mpaka taa ziwake.

— Ndiyo, mzee.

Walipita hekalu, wakapita shule na lile lori la karanga. Mbali shambani Obulesu aliona trekta, na vijana wawili juu yake. Hakuthubutu kuwapungia mkono. Akauliza jambo la kawaida kabisa, ambalo mtu yeyote wa Gonegutta angeuliza.

— Na kurudi, mzee? Basi litakuwa limeshaondoka.

Sekhar alimtazama mzee kwenye kioo, akingoja naye kusikia. Chandrappa alikuwa ameangalia mbele, mkono haujaondoka pajani, na lile daraja alilolitaja Inspekta lilikuwa linakaribia.