Chusa kwa Leodgar, Kamba kwa Mathias

Kaeni, wanangu, na wewe Leodgar toka hapo mlangoni uingie ndani, maana anayesimama mlangoni husikia nusu ya neno, na hiyo nusu ndiyo inayokwenda kugombanisha watu. Kabula, uache huo uji, nitakunywa nikimaliza, na nisipokunywa mpe mtoto. Daktari kule Tabora mjini alisema nami kama mtu mzima, nami nikamwelewa kama mtu mzima, ndiyo sababu nikapanda treni nirudi hapa Usinge nilalie kitanda changu mwenyewe. Sina nguvu ya kurudia. Litakalotoka lishikeni likiwa la kwanza.

Ya mali ni machache. Shamba la tumbaku, lile linalopakana na msitu, ni la Kabula, na asije mtu kusema mtoto wa kike ataolewa aende nalo. Ameshaolewa, ameshaachika, na shamba amelilima yeye wakati ninyi wanaume wawili mlikuwa mnanuniana. Bonde la mpunga mligawane kwa kufuata mfereji. Nyumba isiuzwe mpaka paa lidondoke. Mbuzi mchinje siku ya kunizika, ila msiwamalize, wageni kushiba hakumfufui mtu.

Sasa hilo lililonitoa hospitalini.

Leodgar, nionyeshe kiganja chako cha kulia. Usikifiche kwapani, mimi ndiye niliyekizaa. Shukrani, mkeo, aliniambia kwenye simu jinsi ulivyorudi na nyama imefunguka mpaka weupe, ukamwambia ni panga. Panga halikati hivyo. Hiyo ni kamba ya chusa iliyozungushwa mkononi, na mtu huzungusha kamba mkononi akiwa peke yake mtumbwini, hana wa kumshikia. Umekwenda tena ziwani Sagara kulifuata lile dumu. Na Shukrani ana mimba ya miezi mingi, haulizi tena utarudi saa ngapi, anauliza tu nani atakwenda kukutafuta.

Nataka kuondoka nikijua hutakwenda tena. Hilo ndilo ninalolitaka katika maneno haya yote. Mashamba hata mwenyekiti wa kijiji angeweza kuyagawa.

Marehemu baba yenu, Raymundi, hakuzaliwa mvuvi. Watu wa kwao walikuwa wapagazi, walibeba vitambaa kutoka Tabora wakipita njia hii hii kwenda Ujiji, wakirudi na pembe, na walichomwachia si mali, ni namna ya kufunga. Mzigo wa mpagazi hufungwa usidondoke safari nzima, lakini akijikwaa mtoni avute ncha moja tu, mzigo uende na yeye abaki. Baba yenu alipoanza uvuvi aliona wenzake wanachoma kambare kwa mkuki mtupu. Mdogo wanampata, mkubwa anaondoka na mkuki, nao wanabaki wanatukana maji. Yeye akatengeneza chusa ambayo chuma chake huchomoka kwenye mti na kubaki ndani ya samaki, na chuma kikafungwa kamba, na kamba ikazungushwa kwenye gurudumu alilolichonga kwa mninga, akatia katikati haba ya baiskeli, kile chuma ambacho tairi huzungukia. Gurudumu likakaa katikati ya mtumbwi. Likizunguka linalia kama cherehani, na watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakaliita hivyo, cherehani ya Raymundi.

Kazi hiyo ni ya watu wawili, Leodgar, na wewe ndiye uliyefundishwa kwanza. Mmoja anasimama mbele anapiga. Wa pili anakaa kwenye gurudumu na kipande cha gunia lililoloweshwa, analigusa tu, samaki akikimbia anampa, akichoka anazungusha taratibu kumrudisha, akikimbia tena anampa tena. Nilikuwa nasikia sauti ya baba yenu kutoka ufukweni nikifua: "Mpe! Mpe kamba, usimnyime! Ukimnyima atakunyima yeye!" Na wewe unajibu, "Nampa, baba, mbona hashibi!" Mlikuwa mnacheka. Mwisho wa kamba ulifungwa kwenye lile dumu la njano la mafuta, na dumu halikufungwa popote. Kamba ikiisha, unalitupa majini na kulifuata kwa kafi mpaka aliye chini achoke kulivuta. Mtumbwi na samaki havikufungwa pamoja hata siku moja.

Halafu Leodgar ukaoa, mdogo wako Mathias akakaa kwenye gurudumu. Na mwaka ule wakampiga kambare mmoja mkubwa akaondoka na kila kitu, kamba na dumu, wakamfuata mpaka jioni wakampoteza kwenye matete. Mnamjua Abbasi, yule mnunuzi wa samaki, na mdomo wake. Akamwambia mbele ya wanawake wote wa mwaloni, "Mzee Raymundi, siku hizi unafuga? Umempa mwenzio boya, kesho mpelekee na shuka." Watu wakacheka. Baba yenu naye akacheka. Alipofika nyumbani hakula.

Akanunua kamba nyingine na dumu jingine, la njano vilevile. Asubuhi ya siku yake ya mwisho akafunga kipande cha kamba, upande huu kwenye mpini wa dumu, upande huu kwenye ubao wa kukalia mtumbwini. Mathias akamuuliza, "Baba, hilo la nini?" Akajibiwa, "Abbasi hatanicheka mara mbili." Hayo Mathias aliyasema hadharani siku ya matanga, nanyi wote mlikuwepo, na wewe Leodgar ukamzaba kofi mbele ya mapadri, ukasema anamsingizia maiti, ukasema fundo alilifunga yeye kwa uvivu wa kupiga kafi. Tangu siku hiyo hamjaitana majina. Mmoja anamwita mwenziwe "huyo", mwingine "yule".

Nilikwambia siku ile ile, ukasema mama anamkingia kifua kitinda mimba wake. Nakwambia tena, na mtu aliye hapa nilipo hana kifua cha kumkingia mtu. Mtumbwi uko nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, nilikataa usipasuliwe kuni. Fundo bado liko kwenye ubao. Baba yenu alikuwa wa mkono wa shoto. Marobota yote ya tumbaku niliyoyafungua katika ndoa yangu niliyafungua kinyumenyume, kwa sababu alizungusha kamba kutoka upande ambao watu wengine hawatoki. Nenda ukalitazame kwa mchana. Mathias hawezi kulifunga hilo hata umpe mwezi mzima.

Baba yenu alikuwa mtu mwema na alikufa kwa aibu ya dumu moja. Yote mawili ni kweli, na moja halilifuti lingine. Samaki alikimbia, kamba ikaisha, Mathias akatupa dumu kama alivyofundishwa, dumu likafika mwisho wa kile kipande, na mtumbwi ukalala ubavu. Mathias alipogeukia kisu akikate, hapakuwa na mtumbwi tena. Tulimpata Raymundi kwenye matete, kamba imemzunguka kifundo cha mguu, tukamzika, padri akanyunyiza maji, ikaisha. Ilipaswa iishe.

Lakini kile kipande kilikatika, na dumu likaenda zake. Nalo linaonekana. Adelina muuza dagaa aliliona likipita mbele ya mitumbwi, upepo unatoka mashariki nalo linakwenda mashariki. Wachungaji wameliona limesimama penye maji mengi, wimbi linapita na dumu halitikisiki. Mnadhani mimi sijaliona? Nilikuwa naosha sufuria, jua la utosi, ziwa limetulia kama mafuta kwenye bakuli. Likaja. Halikuja kwa haraka. Likasimama mbele yangu, ningeweza kulirushia jiwe, na kutoka chini ya maji nikasikia cherehani. Gurudumu lenyewe liko humu ndani, liko chini ya kitanda hiki, na mimi nikalisikia kule. Inazunguka, inatulia. Inazunguka, inatulia, kama mtu anayesubiri apewe.

Sikuita jina. Nilimaliza sufuria zangu nikaenda kupika.

Sijui kinacholivuta. Kama ni kambare, wamekwisha kufa kambare wengi tangu wakati ule. Kama ni baba yako, basi si yule aliyekuwa anacheka nawe, maana yule asingemwita mwanawe peke yake bila mtu wa kushika kamba. Leodgar, unakwenda kumlipizia kisasi nani? Samaki alikuwa anakimbia, basi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sikiliza pia upande wa pili: chuki ya ndugu huliwa na anayengoja pembeni, na pale Sagara kuna anayengoja.

Kwa hiyo nagawa hivi, na Kabula ni shahidi. Chusa ni ya Leodgar, mti na chuma chake. Gurudumu na kamba yote ni vya Mathias. Chusa bila kamba ni kijiti, na kamba bila chusa ni ya kuanikia nguo. Asikope mmoja kwa jirani. Mkitaka kuvua mtakaa mtumbwi mmoja, yule wa gurudumu atampa samaki kamba na huyu wa chusa atangoja. Msipotaka, limeni mpunga, mpunga hauzamishi mtu. Na dumu likipita, hata likisimama mbele yenu, mtageuza mtumbwi kwa pamoja. Mathias, nawe usijifanye mnyonge aliyesamehe. Kunyamaza kwako kumekuwa na kiburi chake. Ulimtazama kaka yako akienda peke yake, ukasema shauri yake.

Maji. Kidogo. Inatosha.

Mnizike kwenye mchanga mkavu, upande wa reli, nisikie treni. Sitaki upande wa ziwa, hata kama baba yenu yuko huko. Tutaonana kwa njia nyingine. Nguo zangu achukue Kabula. Mungu awape riziki ya mchana, watoto wanaorudi nyumbani, na mikono mizima. Mtoto wa Shukrani, nimeshambariki, msingoje mpaka mniulize jina.

Sasa nigeuzeni nitazame ukuta, ubavu huu umekufa ganzi. Kabula, usiniguse wewe. Wao. Leodgar, mabega. Mathias, miguu. Hapana, ngojeni, kila mmoja akivuta wakati wake mtanivunja. Mmoja aseme, mwingine aitike. Mimi sisemi tena.

Nani amesema "taratibu"? Wewe, Leodgar?

Unamwambia nani?

Mwite kwa jina.

Sijasikia... masikio yamekuwa mazito. Tena, mwanangu.

Ehee. Na wewe mwitikie.

Haya. Niinueni.