Namba ya Nne ya Jiwe Jeusi

Mheshimiwa Inspekta, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, ba papa na ba mama mliotuzaa, Mwalimu Bertin unayetuaga leo kwa pensheni, na ninyi wenzangu wa mwaka wa mwisho: nawasalimu wote.

Nimeagizwa kumsifu Mwalimu. Sifa niliziandika kwa Kifaransa, kurasa mbili nzuri za kujifichia. Lakini mama yangu yuko pale karibu na mlango, na leo lazima anielewe neno kwa neno.

Mwaka huu Mwalimu alituuliza: kusini, upande wa Zambia, lava iliyofurika nchi nzima kabla hajakuwapo mtu ilianzia kina gani? Nani ameshuka kuona? Hakuna. Ndiyo maana wataalamu husaga jiwe lake, hulibana kwa mashine na kulichoma, kisha hulipoza ghafla ili libaki lilivyokuwa motoni. Fuwele, zile punje ngumu za ndani ya jiwe, hubadilika kadiri ya joto na mbano. Wakizilinganisha na lava, wanajua ilipotoka. Sisi mashine ya kubana hatuna. Tulikuwa na jiwe jeusi aliloleta Papa Assumani, dereva wa lori, kutoka Livingstone, na tanuru ndogo ya umeme ambayo baba yangu huyeyushia shaba kule kiwandani Shituru. Tulitafuta joto ambalo kwalo fuwele ya mwisho huyeyuka na kutoweka.

Sampuli ikitoka motoni, huingia majini palepale. Mara tatu wenzangu walifanya hivyo. Mara ya nne, kwenye joto kubwa kuliko yote, zamu ilikuwa yangu. Nilishika koleo, nikafungua mlango, moto ukanipiga usoni. Nikafunga. Nikazima umeme, nikaliacha jiwe lipoe lenyewe, na fuwele zikaota upya humohumo.

Samy, mmoja wa wenzangu wa zamu, alicheka: «Weye Orpha, andika tu ulitia mu mayi! Jiwe iko na kinywa?»

Wewe, Mwalimu, uliniuliza: «Mutoto yangu, uliitia mu mayi mbiombio?»

Nikajibu: «Ndiyo, Mwalimu.»

Ukanigonga bega, ukaiandika namba ya nne, ya joto lile kubwa, kwenye bango kwa mkono wako.

Sasa kwenye bango letu la matokeo fuwele zinaonekana zilivumilia joto ambalo huenda lilikuwa limeshaziyeyusha. Anayelisoma ataamini lava ilitoka mahali pa moto zaidi, pengine pa chini zaidi, kwa sababu tu msichana aliogopa mlango. Na kesho bango linapanda gari kwenda mbele ya maprofesa Lubumbashi, jina lako juu kabisa, kazi yako ya mwisho baada ya miaka thelathini na minne. Wao wakilichoma jiwe kama hilo, watamcheka nani? Mimi? Hawanijui.

Namwogopa Mheshimiwa Inspekta. Nauogopa zaidi uso wako, Mwalimu. Tangu nianze sijauangalia. Lakini kila usiku wa wiki hii nimeogopa zaidi gari la kesho.

Baba, nisamehe, umesikia leo kama wengine: naomba tanuru tena Jumamosi. Mlango nitaufungua mimi, hata nikilia.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Mwalimu, bango liko nyuma yangu na kalamu ninayo mkononi. Niikate namba ya nne, au utaikata wewe?