Bi Mwanaharusi na Majina Sita

Wasikilizaji wapendwa, mlioko madukani mjini, mlioko saluni, mlioko kwenye cherehani, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka nyumbani, habari za mchana. Ni mimi Samira. Leo sisomi salamu wala sipigi nyimbo mlizoomba. Leo tunamkumbuka Bi Mwanaharusi Pandu. Amefariki Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake Doornfontein, hapa Johannesburg, akiwa na miaka sabini na sita. Akazikwa siku hiyo hiyo.

Wengi wenu mlimjua. Ni yule mama wa Kitanga aliyewasimamisha kwenye mabasi, mkiwa na mabegi yenu, akauliza, "Mwanangu, unakwenda Tanga?" Ukisema ndiyo, unakabidhiwa karatasi. Ukisema hapana, unaulizwa unamjua nani anayekwenda. Mimi alinikamata mara mbili, na kwetu ni Kigoma!

Karatasi ile ilikuwa inatafuta watoto walioigiza filamu. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Narudia, wapendwa: Bi Mwanaharusi aliigiza filamu akiwa na miaka tisa, mwaka 1958, huko Tanga.

Wazungu walikuja na kamera kutengeneza filamu ya afya. Walitaka watoto sita wanaocheza kisimani. Mmoja anakunywa maji machafu, anaugua, anakufa. Aliyechaguliwa kufa alikuwa Mwanaharusi. Nilipomuuliza kwa nini yeye, alinijibu, "Nilikuwa naweza kutulia hata nzi akitua puani mwangu."

Bibi yake alikubali kwa sharti moja. Mnajua Mwislamu akifa hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Bibi akasema mjukuu wangu yu hai, halazwi kama maiti. Alazwe ubavu wa kushoto, kibla akipe mgongo. Bwana wa kamera akasema jua linazama, hakuna nafasi ya mambo hayo. Bibi akaketi chini, mbele ya kamera, na hakuinuka mpaka mtoto akageuzwa.

Filamu ikazungushwa na gari la sinema, ikafika Pangani, kwa ndugu wa upande wa mama. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Sinema waliyoizoea ilionyesha mambo yaliyotokea kweli: gwaride, mpira, gavana akikata utepe. Sasa wanamwona mtoto wao anaugua, anakata roho, anafunikwa shuka. Wakaangua kilio palepale. Nani angetazama amelazwa ubavu gani? Wakaweka matanga siku tatu, wakasoma hitima, na mjomba akafunga safari kwenda Tanga kumpa pole dada yake. Akamkuta marehemu barazani anakula muhogo.

"Alinizaba kofi kwanza," Bi Mwanaharusi alinisimulia, huku anacheka mpaka machozi. "Ndipo akanikumbatia."

Lakini kuna jambo hakulicheka. Mwisho wa filamu yalipita majina. Mwongozaji yumo. Mpiga picha yumo. Hata fundi wa jenereta yumo. Watoto sita waliandikwa neno moja tu: wenyeji. Sita, neno moja. Hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote, na mimi nawaambia wazi, linanikera hata mimi.

Akakua, akaolewa, na mwaka 1996 akamfuata mumewe hapa Johannesburg. Mume akafariki. Yeye akabaki akishona kwenye karakana ya Octave, fundi wa kutoka Lubumbashi, pale pale Doornfontein. Mchana anashona, jioni anaandika barua kwa hifadhi ya filamu huko ng'ambo. Miaka kumi na moja. Wakamjibu kwamba hawana ushahidi kuwa ndiye. Akawaandikia habari ya bibi yake, akamalizia hivi: "Tazameni nimelala ubavu gani." Wakatazama. Wakamwamini.

Mwaka jana ikaja fomu. Wanataka kuionyesha filamu upya, na wanahitaji idhini yake. Akisaini, jina lake litaandikwa. Jina lake peke yake.

Hakusaini.

Octave ananiambia, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, "Mie nilimwambia, mama, saini, hii ni jina yako! Akasema, Octave, tulikuwa batoto sita. Njo vile tu. Akarudi ku mashini."

Binti yake, Zuhura, waligombana hasa. "Nilimwambia, mama, unaumwa, lianze lako, hao wengine watafuata. Akasema, Zuhura, leo wananihitaji. Nikishasaini watafunga jalada, na barua zangu hawatazifungua tena."

Basi zikaenda karatasi, basi baada ya basi. Kidawa akapatikana Mombasa, haoni vizuri lakini nyimbo za kisimani anazikumbuka. Mwantumu akapatikana Korogwe. Hoza na Sefu wamekwisha kufa, ila watoto wao walituma vyeti na picha. Wakatimia watano. Akabaki Chausiku. Baba yake alikuwa mtu wa reli, akahamishwa, wakaondoka na mizigo yao, na hakuna anayekumbuka jina la huyo baba. Hifadhi wakasema jina moja, bila la baba, halitoshi.

Mjukuu wake, Naseeb, mzaliwa wa hapa hapa, anayemwita bibi yake Gogo, akamwambia, "Gogo, eish, watano si wanatosha?" Bibi akamjibu, "Siku teksi ikikuacha wewe kwenye taa za barabarani, pale robot ya Noord Street, nitamwambia dereva waliopanda wanatosha."

Amekufa hajasaini. Alhamisi nilikwenda kutoa mkono wa pole. Hifadhi walikuwa wameshaandika kumwomba Zuhura asaini yeye, kwa niaba ya mama yake. Nikajua atasaini. Mwaka mzima amekuwa akimsukuma mama yake asaini! Zuhura akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. "Dada Samira, mimi pia sisaini. Wewe una redio. Yasome majina yao."

Zuhura, Naseeb, Octave na nyote wa nyumba ile, poleni sana. Mungu amlaze mama pema. Nanyi wapendwa, leo mkirudi nyumbani, fungueni zile picha za zamani. Waulizeni wazee walio hai ni nani yule aliyesimama pembeni, na mwandike jina lake nyuma ya picha, leo leo, wakiwa bado wanakumbuka.

Sasa nasoma. Mwanaharusi Pandu. Kidawa Mbaruku. Mwantumu Salimini. Hoza Mhina. Sefu Kombo.

Na wewe Chausiku, uliyekuwa Tanga mwaka 1958, kwenye nyumba za reli. Kama uko hai, au kama ni mama yako, au bibi yako, simu ya studio iko wazi, nami siondoki hapa. Mwenzako hakukubali kwenda bila wewe. Tuambie tu: Chausiku, binti wa nani?