Mjerumani Wangu na Mjerumani wa Danford

Hapa kijiweni kwetu Makanyagio, Mpanda, benchi ni ubao mmoja wa mninga ulioegemea ukuta wa kinyozi, na kahawa hainyweki bila kesi. Mimi ndiye Zefania, jina la kazi Kimbunga, mwenye Mjerumani wa zamani, gari la silinda nane. Tangu nilitie barabarani, hakuna bibi harusi wa mtaa huu aliyekwenda kanisani kwa gari jingine. Mpaka asubuhi hiyo, Danford, tunayemwita Remoti, alipoegesha ubavuni kwangu Mjerumani mpya wa ukoo uleule. Na katikati yetu amekaa Masalu, mzee wa ng'ombe. Anamuoza binti yake Doto Jumamosi, na amekuja achague gari la mbele, la kumbeba bibi harusi.

DANFORD: Mzee Masalu, hili ukibonyeza tu, linaamka. Lina kamera mbele, nyuma na ubavuni.

MIMI: Kamera za nini? Kipofu ndiye anayehitaji kushikwa mkono!

MAKARIUS: Kweli kabisa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Huyo Makarius tunamwita Mwalimu. Aliishia darasa la tano, lakini methali hazijawahi kumuishia.

DANFORD: Lako lina mwendo gani, Kimbunga?

MIMI: Nimepita mbele ya kanisa kengele inagongwa, nikafika sokoni sijaisikia. Ikabidi niegeshe niisubiri.

DANFORD: Langu jana limetoka Katumba, kivuli chake kimefika leo!

MAKARIUS: Mzee, hayo mapya yanasikiliza. Ukigombana na mkeo humo ndani, Ujerumani wanajua kabla ya mama mkwe.

MASALU: Mimi nauliza ukoo. Ng'ombe huwa nachagua kwa kumtazama mama yake.

MIMI: Basi umemaliza kesi! Langu ndilo lililomzaa huyo wa Danford.

DANFORD: Mama kazeeka, maziwa hana!

MIMI: Hana maziwa, ana pembe!

Masalu alikuwa anacheka, mkono ameshauelekeza kwangu, ndipo Doto mwenyewe akatokea na ndoo ya mchele kichwani.

DOTO: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

DOTO: Baba, kabla hujachagua, naomba niulize. Kati ya haya, lipi linajua kwenda polepole?

Danford akatazama tairi zake.

DOTO: Kutoka nyumbani hadi kanisani ni hapo tu. Gauni nimeshona mwenyewe, mwaka mzima. Mkienda kwa hizo sifa zenu, nani ataniona?

MASALU: Haya, jibuni.

Danford akakiri hajawahi kujaribu. Mimi nilijua jibu, na lilikuwa baya: langu likienda mwendo wa miguu, linachemka. Dawa yake ni kufungua hita mpaka mwisho, joto la injini liingie ndani kwa abiria. Lakini Kimbunga anyamaze mbele ya Remoti?

MIMI: Langu linajua!

DOTO: Haya, Baba mdogo. Natangulia, nifuate.

Mtoto akatembea kama anahesabu mchanga. Akamsalimia fundi baiskeli, akamsalimia muuza nyanya, akauliza habari za watoto wa muuza nyanya mmoja mmoja. Nami nyuma yake, jua la Mpanda utosini, hita inapuliza, shati limenigandia mgongoni. Gari halikuchemka. Tulipofika kona, kijiwe bado kinatutazama, akanirudia, akafungua mlango wa nyuma ajaribu kiti.

DOTO: Mungu wangu! Baba mdogo, humu tanuru!

MIMI: Funga mlango, mwanangu, unaniingizia baridi.

Akaufunga, yeye yuko nje, anacheka hadi mchele unamwagika.

DOTO: Baba, nimechagua. Jumamosi naenda kwa miguu, na Baba mdogo anifuate hivihivi.

Kijiwe kizima kikapiga makofi. Danford akaja mbio dirishani.

DANFORD: Na mimi sasa niwe wapi?

MIMI: Nyuma yangu. Na ole wako uniharakishe!