Lorraine Thibault na Kurasa Sita Nilizozitoa

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu Lorraine Thibault, aliyezaliwa Machi 14, 1948, hapa Barton, Vermont, akasoma hapahapa huku akikamua ng'ombe kila alfajiri, kisha akahitimu sheria Boston mwaka 1973.

Mwaka 1975 alifungua ofisi ya uwakili juu ya duka la vyakula vya mifugo, 1977 akaolewa na Wendell Kittredge, wakajaliwa binti mmoja, Celeste, na mwaka 1986 akanichukua kazini, akanifundisha kwamba katiba ya jimbo letu inaweza kumlinda mtu pale ambapo ile ya Marekani inamwacha, na kila nilipoikimbilia ile kubwa alinicheka, "Armand, anzia nyumbani bwana, Washington haikimbii!"

Mwaka 1991 polisi walipekua mifuko ya takataka ya mfugaji Delbert Rowell bila kibali cha mahakama, wakakuta mabaki ya bangi, akafungwa, tukakata rufaa, Lorraine akaandika kurasa sita juu ya katiba ya Vermont, akaenda Burlington kumuuguza mama, akaniachia nipunguze hoja zitoshee idadi ya kurasa inayoruhusiwa, nami nikazitoa zote sita, nikiziona mapambo tu, nikabakiza katiba ya Marekani, ambayo tayari ilishatafsiriwa kwamba takataka ukiziweka barabarani si siri yako tena. Mahakama ya jimbo ikatujibu kwamba hoja ya katiba yetu haikuletwa mbele yake, Bwana Rowell akakaa ndani miaka mitatu, ng'ombe wake wakapigwa mnada, na mwaka 1996, katika kesi ya mtu mwingine, mahakama hiyohiyo ikasema kwamba kwa katiba ya Vermont takataka za mtu zinalindwa.

Dada alimwambia, "Kosa ni langu, Delbert," nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikanyamaza, na nimenyamaza hadi leo huku mji ukimsengenya.

Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, nikamwomba ruhusa ya kusema ukweli, akanijibu, "Sema nikishaondoka, maana nikiwapo nitakutetea," akafariki nyumbani Februari 9, 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuondolea theluji mlangoni na kutuletea chakula, mawakili wenzake, na wewe Bwana Rowell uliyekaa benchi la nyuma, ambaye hukumsalimia dada yangu tangu ulipotoka jela, lakini leo umekuja, nami nakwambia mbele ya jeneza lake kwamba kurasa zile alikuandikia, mimi ndiye niliyezitoa.

Dada, pumzika kwa amani, hukumkosea mtu.